Kiangazi Tulichofunga Geti la Mabwawa

Mabwawa ya majitaka ya mji wetu yako nje ya makazi, kwenye mteremko ambao zamani ulikuwa malisho. Ukitoka stendi unafuata barabara ya vumbi iendayo machimboni, unapita mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kisha unashuka kushoto. Mimi hushuka hapo kila asubuhi. Nimeshuka kwa miaka mingi, hata harufu siisikii tena. Wanaoisikia ni wanangu, ambao hunitaka nivue gambuti uani kabla hawajaniamkia.

Nilizaliwa upande wa Tinde, kwenye nyumba ya mkulima wa mpunga mwenye ng'ombe wachache. Nikaolewa na mtu aliyekuja huku Geita kutafuta dhahabu. Dhahabu haikumtaka. Akahamia Nkome kuuza dagaa, na siku hizi huja nyumbani anapojaliwa. Mimi nilipata kibarua cha kufyeka nyasi kwenye matuta ya mabwawa, nikabaki, nikafundishwa, nikawa mtunzaji. Sikuwahi kuota kazi hiyo, lakini imenisomeshea watoto.

Yenyewe si ngumu kueleza. Sehemu ndogo ya mji ina bomba la majitaka: hospitali, soko, na nyumba za wageni za barabara kuu. Kwingine kote watu wana mashimo, na shimo likijaa huita gari la kunyonya vyoo. Yote, ya bomba na ya gari, huingia kwetu kupitia chemba yenye wavu wa nondo. Hapo sisi huvuta kwa reki vitu ambavyo watu hudhani vikishaingia chooni vimetoka duniani: pampasi, matambara, vichupa, na siku moja meno ya bandia, ambayo hakuna aliyekuja kuyaulizia. Kisha maji huingia bwawa la kwanza, lenye kina na jeusi. Tope huzama, vijidudu hulila, na mapovu hupanda juu kama sufuria ya maharage. Kutoka hapo maji huenda bwawa la pili, pana na la kijani, ambako jua na ule ukijani hufanya kazi yao polepole. Halafu la tatu, halafu kitalu cha matete, halafu geti dogo la chuma, halafu mkondo. Hakuna mashine yoyote. Maji yanayoingia leo yatatoka wiki nyingi baadaye, na yakitoka hayanuki.

Huo mkondo, wakati wa kiangazi, hauna maji mengine isipokuwa yetu. Unapita kwenye bustani za mboga za akina mama, unashuka mbugani ambako ng'ombe hunywa, na mvua zikianza unajiunga na mto unaokwenda ziwani. Mhandisi wetu alizoea kusema kwamba dagaa wa Nkome wanatutegemea sisi. Nilimwambia mume wangu maneno hayo, akacheka sana, akasema basi nidai mshahara kwa dagaa.

Tulikuwa wawili pale. Mwenzangu ni mzee wa Kizinza aliyekaribia kustaafu, mpole, mwenye magoti mabovu. Yeye alipokea magari chembani, mimi nikazunguka matuta na matete. Kiangazi ninachotaka kukieleza kilikuwa kirefu kuliko tulivyozoea. Vumbi la mashine za mawe lilikaa juu ya kila kitu, mpaka kwenye chai.

Asubuhi moja nilifika bwawa la kwanza nikaona limetulia. Nilisimama nikifikiri ni macho yangu. Mapovu hayakuwepo. Maji yalikuwa yamelala kama mafuta machafu kwenye karai. Nikarudi chembani nikakuta kwenye nondo kumeganda tope la kijivu, laini, kama uji wa udongo. Nikalishika. Halikuwa na harufu ya choo hata kidogo.

"Hili limetoka wapi?" nilimuuliza mzee.

Akachuchumaa kwa taabu, akalitazama. "Litakuwa la lile gari. Dereva alisema ni karo la gereji, lina udongo mwingi."

"Jana?"

"Jana, na juzi, na kabla ya hapo. Amekuwa akilileta wiki nzima, au zaidi. Mimi sikuona ubaya. Gereji kweli zina udongo."

Dereva mwenyewe tulimfahamu vizuri sote wawili. Nilikuwa naimba naye kwaya kanisani, yeye sauti ya nne, mimi ya pili. Alikuwa mtu wa utani, wa kupiga honi tangu barabarani ili nijue ni yeye. Nikakumbuka kwamba wiki hiyo yote sikuwa nimesikia honi.

Siku zilizofuata bwawa la pili lilianza kupoteza rangi. Kijani kikawa manjano, manjano ikawa kahawia. Yangeyange waliozoea kusimama ukingoni wakaondoka. Halafu nikaona vyura wa bwawa la tatu wakielea matumbo juu, weupe, wengi. Hapo nilipiga simu.

Mhandisi alikuja kwa pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani, akazunguka mabwawa yote. Akachota maji kwenye chupa, akaziba, akaandika juu yake. Alikuwa mtu kijana mwenye haraka, lakini siku hiyo haraka ilimtoka.

"Sijui ni nini," alisema. "Nikikisia, ni marudio ya plenti ya kuchenjulia dhahabu. Ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu, pamoja na maji yake. Kama ndiyo, kuna sayanaidi humo, na labda zebaki ya wale wachimbaji wadogo. Lakini sijui. Chupa hizi lazima ziende Mwanza zikapimwe."

"Na sisi tufanye nini?"

"Fungeni geti la mwisho. Zibeni na matundu ya kati. Kitu kilichoua bwawa sitaki kifike kwa ng'ombe wa watu." Akavuta pumzi. "Sayanaidi huvunjwa na jua, ikipewa muda. Zebaki itazama na tope, tutaijua baadaye. Tuyape maji muda. Na magari yote ya vyoo yasimame mpaka niseme."

Nikashuka na mzee tukafunga geti. Lilikuwa na kutu, tukalisukuma kwa mabega. Maji ya mkondo yaliendelea kutiririka kidogo, yale yaliyokuwa yameshatoka, kisha yakawa madimbwi, kisha yakawa udongo mweusi wenye nyufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuchoka. Nilikuwa nimechoka kabla, kama kila mtu, lakini uchovu wa kiangazi hicho ulikuwa na tabia yake. Maji ya bomba hayakuweza kuzuiwa, kwa sababu hospitali haiwezi kuambiwa isubiri. Yaliendelea kuingia na hayakuwa na pa kutokea. Jua lilikunywa sehemu, lakini usawa ulipanda kidogo kidogo kuelekea midomo ya matuta. Tukawa tunajaza viroba udongo na kuvipanga juu ya matuta, mimi, mzee, na vibarua wawili tuliopewa kwa siku chache. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakula nimesimama, maana nikikaa sikuweza kuinuka.

Mjini nako hali ilikuwa mbaya. Mashimo yalijaa, magari hayaji. Mama mwenye nyumba ya wageni isiyofikiwa na bomba alinisimamisha sokoni mbele ya watu. "Wewe ndiye wa mabwawa? Wateja wangu wanakimbia, choo kinafurika, nyinyi mmelala!" Nilimwamkia, nikamwambia tunajitahidi. Nikanunua nyanya zangu nikaondoka. Sikuwa na nguvu ya kumweleza habari ya vyura.

Lakini sokoni kulikuwa na ahueni kuliko mkondoni. Chini ya geti letu, bustani ya kwanza kabisa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Msukuma kama mimi, aliyelima mchicha, nyanya chungu na matembele kwa ajili ya soko. Kila asubuhi kwa miaka nilikuwa nikimkuta pale, amefunga kanga kiunoni, anamwagilia kwa kopo. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akaniuliza habari za Tinde kana kwamba nimetoka huko jana. Alikuwa akiniita mayu, mama, ijapokuwa mimi ndiye ningeweza kuwa mwanawe. Kwetu ndivyo mtu mzima anavyomheshimu mwanamke mdogo anayemwonea imani.

Alikuja getini kwetu siku chache baada ya mkondo kukauka. Alishika mche wa nyanya chungu, majani yamejikunja.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji yameenda wapi?"

Nikamwambia. Nilitafuta maneno mepesi: kuna sumu ya wachimbaji imeingia, tumezuia isiwafikie, tunasubiri majibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo sumu umeiona?"

"Nimeona vyura wamekufa."

"Vyura hufa kila kiangazi." Akanyoosha mkono kuelekea matuta. "Maji yale pale, nayaona. Mmeyafungia kama mbuzi. Na mimi mboga zangu zinakufa, hizo nimeziona, sikuambiwa na mtu."

"Bibi, nikifungua, ng'ombe wakinywa wakafa, utanilaumu."

"Ng'ombe si wangu. Mboga ni zangu."

Tulisimama tukitazamana juani. Kwa kweli hata mimi sikuwa na hakika. Chupa zilikuwa Mwanza, simu ya mhandisi kila nilipopiga ilinijibu tusubiri, na pale nilikuwa na mwanamke niliyemheshimu ambaye mimea yake ilikuwa ikifa kwa sababu ya mkono wangu. Nikamwambia nitamletea maji ya bomba kwa madumu. Nilifanya hivyo. Jioni nilikuwa nabeba madumu mawili kutoka bomba la ofisi mpaka kwake kabla ya kurudi nyumbani. Yalikuwa tone kwenye shamba. Aliyapokea, akayamwaga kwenye mashina ya mstari mmoja aliouchagua, na hakuwa akiniita mayu tena.

Mstari ule mmoja ulisalimika siku chache, kisha mbuzi wa jirani wakaula.

Wakulima wengine walikuwa kimya, na kimya chao kilimtisha mzee. "Wasukuma wakipiga kelele, ni salama," aliniambia. "Wakinyamaza ujue wamekaa kikao." Nilimwambia mimi pia ni Msukuma. Akasema ndiyo maana ananiambia mimi.

Walikuja mchana, watu kama kumi na zaidi, wanawake kwa wanaume, na majembe. Hawakupita getini. Walipanda moja kwa moja kwenye tuta la bwawa la tatu, upande wa mkondo, wakaanza kuchimba. Sisi tulikuwa upande wa pili tukipanga viroba. Nilipowaona nilikimbia juu ya matuta na gambuti zangu nzito, mzee nyuma yangu akiniita nisikimbie.

Nilipofika, mfereji ulikuwa umeshaingia nusu ya tuta. Nikashuka nikaingia ndani yake. Sikupanga. Nilisimama tu katikati ya majembe yao, udongo mpaka kwenye magoti, nikashindwa hata kusema kwa sababu pumzi haikutosha.

"Toka, mama," alisema mwanaume mmoja, kwa adabu kabisa. "Tusije tukakuumiza."

"Sitoki."

"Sisi hatutaki ugomvi. Tunataka maji."

"Yana sumu."

"Nani kasema? Karatasi iko wapi?"

Hakukuwa na karatasi. Nikatazama nyuso zao na wengi niliwajua. Bibi wa bustani ya kwanza alikuwa nyuma, ameegemea mpini wa jembe, hakutazama upande wangu. Nikaanza kulia. Halikuwa chozi la ushujaa. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba wakiamua kuendelea sitaweza kuzuia hata jembe moja.

Mzee wangu akafika, akakaa kwenye ukingo wa mfereji kwa sababu magoti yalikataa, akaanza kuwaomba. Nao wakaanza kubishana naye. Katikati ya mabishano hayo nikasikia mtu akipanda tuta kutoka upande wa barabara. Alikuwa yule dereva.

Alikuja kwa miguu, bila gari. Amekonda, ngozi ya mikono imebabuka kama iliyopikwa. Kanisani hakuwa ameonekana kwa muda, na baadaye niliambiwa kwamba siku hiyo alikuwa anakuja kwangu, kuniambia mimi peke yangu, akawakuta wote.

"Msichimbe," alisema.

Mtu akamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyeyaleta." Alisema kwa sauti ile ile ya nne, ya chini, hata ikabidi walio nyuma wasogee. "Si maji ya choo. Ni maji ya plenti. Bwawa lao la marudio lilikuwa linavuja, wakataka lipunguzwe kabla hawajakaguliwa. Nikayanyonya nikayaleta huku. Safari nyingi. Nilimdanganya huyu mzee kwamba ni gereji." Akainua mikono. "Bomba lilinipasukia. Tazameni. Hapo ni maji yaliyonirukia tu, nikanawa saa hiyo hiyo."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la mfereji mpya.

Kisha yule mwanaume mwenye adabu akatupa jembe, akamwendea dereva, akampiga kofi. Dereva hakujikinga. Akapigwa la pili. Wengine wakaanza kusogea, nami nikajua kitakachofuata, kwa sababu nimeona mjini mwizi wa kuku alivyofanywa. Nikajaribu kutoka mferejini, gambuti moja ikanasa.

Bibi ndiye aliyewahi. Alipita katikati yao akiwasukuma kwa mpini wa jembe kama anayepita zizini, akasimama mbele ya dereva, mgongo wake kwake, uso wake kwetu.

"Mkimuua," alisema, "maji yatakuwa safi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nauliza. Mkimuua, mchicha utaota?" Akangoja. "Basi shikeni majembe. Mlilolichimba lifukieni. Na wewe," akamgeukia dereva bila huruma yoyote, "na wewe shika jembe."

Wakafukia. Ilichukua muda mrefu kuliko kuchimba, maana udongo ulikuwa mkavu na ilibidi kuushindilia kwa miguu. Dereva alifukia na ile mikono yake mpaka mzee akamnyang'anya jembe. Walipomaliza walishuka mmoja mmoja kuelekea mkondo mkavu, na bibi akashuka nao. Mimi nikabaki nimekaa kwenye viroba, nimevaa gambuti moja.

Dereva alikaa mbali kidogo. "Nisamehe, dada," alisema.

Sikuweza kumwambia nimekusamehe, wala sikuweza kumwambia sijakusamehe. "Nenda hospitali na hiyo mikono," nilimwambia.

Alikwenda. Aliandika maelezo yake pia, polisi, mhandisi akiwa naye. Yule mwenye plenti alikuja na wanasheria, plenti ikafungwa kwa muda, ikafunguliwa tena ikiwa na uzio mpya. Sijui zaidi ya hapo. Dereva hakuajiriwa tena na mtu yeyote mwenye gari mjini. Alihamia Buseresere, ambako nasikia anapakia magunia ya mahindi. Kwaya ikabaki na sauti ya nne dhaifu.

Majibu ya Mwanza yalikuja baadaye, jua likiwa bado kali. Mhandisi alinisomea kivulini, akitafsiri namba kwa maneno. Bwawa la kwanza na la pili yalikuwa na sumu ya kuua ng'ombe. La tatu lilikuwa na sumu pia, lakini pungufu, ya kuua samaki na pengine ndama. Zebaki ilikuwepo kwenye tope.

"Ulifanya vizuri," aliniambia.

Nilitegemea maneno hayo yatanipa nguvu. Niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilimwomba siku moja ya kupumzika, akanipa, nikaitumia kufua.

Kufufua bwawa ni kazi isiyo na sura. Hakuna cha kumwonyesha mtu. Tulingoja jua lifanye yake, tukachota tena chupa, zikaenda tena Mwanza, zikarudi na namba ndogo kuliko za kwanza. Tukangoja tena. Namba zilipokuwa ndogo vya kutosha, mhandisi akaruhusu magari machache yalete vyoo halisi vya watu, akisema bwawa linahitaji vijidudu vyake, na vijidudu vinatoka kwa binadamu. Mama wa nyumba ya wageni alikuwa wa kwanza kunyonyewa choo chake. Mzee alisema sasa tumekuwa madaktari wa kutibu kwa mavi, nami nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda, kicheko kibaya, cha mtu anayekaribia kukohoa.

Tope la chini, lile lenye zebaki, lilibaki. Liko huko mpaka leo, limezama, linasubiri siku mji utakapokuwa na uwezo wa kulitoa na mahali salama pa kulizika. Kila nikipita juu ya tuta najua liko chini pale. Watu huniuliza kama mabwawa yamepona. Huwa nawaambia yanafanya kazi.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, zikalowesha vumbi, zikaacha harufu ya udongo ambayo hata mimi niliisikia. Bwawa la pili lilikuwa limeanza kurudisha rangi pembeni pembeni, kijani chepesi kama cha mpunga mchanga. Chupa za mwisho zikarudi. Mhandisi akapiga simu akasema, "Fungua."

Mzee alikuwa ameshastaafu wiki hiyo hiyo. Tulimuaga kwa soda na kuku. Nikafungua peke yangu. Geti lilikataa, nikalipiga kwa nyundo, likaachia. Maji yakapita kwenye matete, yakatoka, yakaingia mkondoni, membamba, angavu, yakasukuma mbele yake majani makavu na povu kidogo. Nikayafuata kwa miguu, nikitembea sambamba nayo. Yalikuwa yakienda polepole kuliko mimi, kwa hiyo nilisimama mara kwa mara kuyangoja.

Bustani ya bibi ilikuwa imelimwa upya, lakini haikupandwa mboga. Alikuwa amepanda viazi vitamu kwenye matuta, akitegemea mvua. Alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa ambavyo kwetu hutuvusha njaa.

"Mwadila," nikasema, maana jua lilikuwa limeshapita utosi.

"Mwadila." Akatazama gambuti zangu. "Umefungua."

"Nimefungua. Yamepimwa. Ni mazuri."

"Nimesikia sauti yake." Akaendelea kuchambua. "Mboga sipandi tena. Sitaki kitu cha kungoja mtu mwingine afungue."

Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia kwamba namba za Mwanza zilithibitisha, kwamba ng'ombe wa mbugani wote wako hai, kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyeugua kule chini. Alikuwa anayajua hayo, mji mzima ulikuwa umeyazungumza. Na nyanya chungu zake zilikuwa zimekufa vile vile.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akaniletea michembe iliyochemshwa na karanga, na chai isiyo na maziwa. Nikala. Sikumbuki tulizungumza nini baada ya hapo, nadhani habari za Tinde, nani amekufa, nani ameoa. Ninachokumbuka ni kwamba niliegemea ukuta wa jiko lake nikasinzia na kikombe mkononi, katikati ya sentensi yake au yangu.

Nilipoamka jua lilikuwa chini. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, gambuti zimevuliwa na kuwekwa pembeni, nimefunikwa kanga. Bibi alikuwa ameshawasha moto na anakoroga ugali, amenipa mgongo.

"Amka uende," alisema bila kugeuka. "Watoto wako watakutafuta."

Nikavaa gambuti, nikakunja kanga yake nikaiweka juu ya mkeka, nikamuaga. Akaitikia. Nikapanda mteremko kuelekea mjini, na kulikuwa na manyunyu.